Maswali yenu: Arsenal, Visit Rwanda na pesa za wadhamini

Tangu Arsenal watangaze kwamba wanaachana na Visit Rwanda, tangazo la utalii la Rwanda kwenye mkono wa jezi yao, barua zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na wengi mnauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: klabu au chama cha michezo kiangalie pesa tu, au kiangalie pia na mkono unaoitoa? Nimechagua barua sita. Nyingine nimezifupisha, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba wenyewe.

Kaka habari za kazi. Mimi ni Gunner wa kitambo, toka enzi za Henry. Hapa kijiweni tunabishana kila jioni, wengine wanasema Arsenal wameitema Visit Rwanda kwa sababu ya vita ya Congo, wengine wanasema hamna lolote ni biashara tu. Ukweli uko wapi?
*Shabiki, Kigamboni*

Habari nzuri kaka. Mkataba ulianza Mei 2018, na Visit Rwanda ndio walikuwa wa kwanza kabisa kukaa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, magazeti ya Uingereza yaliripoti kama pauni milioni 10 kwa mwaka. Anayelipa ni RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, yaani serikali yenyewe sio kampuni ya mtu. Hilo liweke akilini maana ndio kiini cha kesi nzima. Novemba 2025 wakatangaza kwamba wamekubaliana pande zote mbili mkataba uishie mwisho wa msimu wa 2025/26, miaka 8 jumla. RDB wakasema wanataka kwenda kwenye masoko mapya. Congo haikutajwa.

Sasa kijiweni kwenu wote mna haki kidogo. Presha ilikuwepo tena kubwa, maana Rwanda inashutumiwa kuwasaidia M23, waasi wanaopigana mashariki mwa Congo. Februari 2025 waziri wa mambo ya nje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandika barua kwa Arsenal, PSG na Bayern akiwaambia mikataba hiyo imechafuka damu na waiache. Kuna mashabiki wa Arsenal wenyewe, kundi linaitwa Gunners for Peace, wakaanzisha kampeni ya Visit Tottenham, yaani wakisema bora hata jina la Tottenham, mahasimu wao wakubwa, kuliko hilo, na wewe Gunner unajua mtu wa Arsenal mpaka afike kusema hivyo amechoka kiasi gani. Kwahiyo kelele zilifika.

Lakini angalia na upande wa pili. Mwenye Arsenal ni Stan Kroenke. Huyo huyo ndio mwenye Los Angeles Rams, timu ya mpira wa Kimarekani, na uwanja wao wa SoFi, na Septemba 2025, miezi miwili tu kabla ya tangazo la London, Visit Rwanda walisaini na Rams na SoFi, na Clippers wa kikapu pia. Mfuko ule ule wa familia umetoa tangazo kwenye jezi ukalipokea Marekani. Kama ingekuwa ni dhamira, dhamira haibaki airport ya Heathrow. Mimi kwa hiyo nasema Arsenal wamefanya jambo sahihi kimya kimya na bila kusema sababu, na kutosema sababu ndio kosa lao, maana klabu nyingine ikija kuulizwa kesho haina pa kushika, itasema tu "mkataba uliisha".

Jambo kaka. Mimi niko muntu wa Goma. Januari 2025 vita iliingia mu muji, tulilala chini ya vitanda na batoto, masasi inapita juu. Nauliza hivi: Russia ilipoingia Ukraine, bazungu balikata pesa ya Gazprom mu siku chache tu. Sisi huku ni miaka, na jezi inaendelea kuandikwa Visit Rwanda. Juu ya nini? Damu yetu iko tofauti?
*Mama, Goma*

Mama, pole sana, na pole kwa watoto. Barua yako ndio iliyonifanya niandike safu hii yote juu ya suala moja.

Damu haiko tofauti. Ila walivyotendewa ni tofauti na tuseme wazi. Russia ilivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Tarehe 28, siku nne baadaye, Uefa wakavunja mkataba na Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Russia iliyokuwa nao tangu 2012 kwenye Champions League, pesa iliyoripotiwa kama euro milioni 40 kwa mwaka. Schalke 04 ya Ujerumani walikuwa na Gazprom kifuani tangu 2007 na wakaifuta jina. Manchester United wakaachana na Aeroflot, shirika la ndege la Russia. Na hizo klabu zilikuwa zinaihitaji hiyo pesa, Schalke hasa, walikuwa daraja la pili na madeni mpaka shingoni.

Kwenu, M23 walichukua mji wa mpakani wa Bunagana Juni 2022. Wakachukua Goma mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaandika kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako ndani ya Congo pamoja na M23. Rwanda inakanusha kuisaidia M23, inasema inajilinda na FDLR, kundi lenye watu waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2773 na kura zote zikaunga mkono, likiitaka Rwanda iache kuiunga mkono M23 na iondoe majeshi yake. Yaani sio stori ya kijiweni tena, ni Baraza la Usalama.

Sasa kwanini klabu hazikukimbia kama Uefa walivyokimbia? Kwanza wachezaji na vyama vya Ulaya vilisimama. Poland walisema hatuchezi na Russia, Sweden wakasema hivyo hivyo, Czech wakafuata, na mechi za kufuzu Kombe la Dunia zilikuwa mwezi unaofuata, kwahiyo Fifa na Uefa walibanwa ukutani. Pili serikali za Ulaya ziliweka vikwazo haraka na vizito, na kikwazo kinampa mwanasheria wa klabu njia ya kutoka kwenye mkataba bila kulipa fidia. Kwa Congo vikwazo vilikuja ila vichache, Marekani wakamuwekea waziri wa Rwanda James Kabarebe, Umoja wa Ulaya wakaweka baadhi ya makamanda na maofisa na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, lakini hakuna kilichogusa tangazo la utalii. Tatu, na hili linaniuma kulisema, hakuna timu ya taifa hata moja ya Afrika iliyosema sisi hatutaki. Caf kimya. Vyama vyetu kimya, na hao ni majirani zenu mama, wanaojua Goma iko wapi bila kufungua ramani.

Kwahiyo jibu la "juu ya nini" ni kwamba hakukuwa na kanuni. Kulikuwa na presha tu, na presha inaenda kwa mwenye sauti. Ndio maana msimamo wangu ni kwamba kila shirikisho na kila ligi iandike kabla, wakati hakuna vita, kwamba serikali ikitajwa na Baraza la Usalama kuhusika na uvamizi au kusaidia kundi lenye silaha, tangazo la serikali hiyo linasimama siku hiyo mpaka jambo liishe. Iwe Russia, iwe Rwanda, iwe nani. Ingekuwepo kanuni ya hivyo wewe usingehitaji kuandika barua, na waziri wenu pia.

Mwaramutse. Mimi ni kijana wa Kigali natembeza wageni. Kila siku nasikia Rwanda Rwanda. Hiyo Visit Rwanda imetuletea wageni kweli, mimi nasomesha wadogo zangu kwa kazi hii. Mbona nchi nyingine zinazofanya vibaya matangazo yao yapo kwenye jezi na hamsemi? Au ni kwa sababu sisi ni wadogo?
*Muongoza watalii, Kigali*

Mwaramutse ndugu. Swali lako ni la haki na sitaki kulikwepa.

Kazi yako ni halali na sina neno nayo. Rwanda ilifanya kitu ambacho nchi zetu nyingi zimeshindwa, kibali cha kuona sokwe wa milimani kilipandishwa mpaka dola 1,500 mwaka 2017 na sehemu ya mapato inayorudi kwa wanavijiji ikapandishwa kutoka asilimia 5 mpaka 10. Kwa mwaka 2023 RDB walisema utalii uliingiza kama dola milioni 620. Hayo sio maneno ya jezi, ni kazi ya watu kama wewe.

Lakini fikiria kitu kimoja. Wale sokwe hawana pasipoti, milima ya Virunga ni ya nchi tatu. Upande wa Congo, maeneo mengi waliko sokwe yamekuwa mikononi mwa M23, askari wa hifadhi wamekimbia vituo vyao, na muongoza watalii mwenzako wa kule Rutshuru hana mgeni wala kazi. Tangazo la jezi linamwambia mtalii njoo uone sokwe, halimwambii kwanini anaweza kuwaona upande mmoja tu kwa amani. Na mtoa tangazo ndio serikali ile ile iliyotajwa kwenye azimio. Hapo ndipo ninapotofautisha. Ingekuwa ni hoteli yako au kampuni yako ya magari ya kubeba watalii ndio imeweka jina kwenye jezi nisingesema lolote, hata vita ingekuwepo.

Kuhusu nchi nyingine: uko sahihi kabisa na wala sikubishii. Newcastle inamilikiwa na mfuko wa Saudi Arabia, PSG ni ya Qatar, Manchester City ni ya Abu Dhabi, na wamiliki hao ni wazito zaidi kuliko jina kwenye mkono wa jezi. Kuwaacha hao ukaishika Rwanda peke yake ni uonevu. Ila dawa yake ni kuwabana na hao, sio kuwaachia wote. Na mfano upo: wanachama wa Bayern Munich walizozana na viongozi wao kwenye mkutano mkuu wa 2021 mpaka usiku kwa sababu ya Qatar Airways, na mkataba ule ulipoisha 2023 haukuongezwa. Wanachama wa kawaida tu, na Qatar sio nchi ndogo kwa pesa. (Inasikitisha kwamba mwezi Agosti mwaka huo huo Bayern wakasaini na Visit Rwanda, alafu 2025 ndio wakaugeuza ule mkataba kutoka tangazo kuwa mpango wa akademi ya vijana Kigali. Mimi huo mgeuzo nauona ni mzuri, kwa sababu mtoto wa Kigali anabaki na uwanja na kocha, na serikali inapoteza bango.)

Assalaam alaykum kaka. Mie naona michezo na siasa visichanganywe. Mpira ni furaha ya watu, mkianza kuchunguza kila mdhamini mtamaliza wote na timu zitakufa. Waacheni wachezaji wacheze.
*Mwanafunzi, Zanzibar*

Waalaykum salaam mdogo wangu. Hii hoja naisikia sana na wanaoisema huwa ni watu wazuri wanaopenda mpira. Lakini historia ya michezo ya Afrika inasema vingine toka siku ya kwanza. Caf ilizaliwa Khartoum Februari 1957 na mashindano ya kwanza yalikuwa yawe ya timu nne, Sudan, Misri, Ethiopia na Afrika Kusini. Afrika Kusini ya makaburu ikakataa kuleta timu ya watu weupe na weusi pamoja, wakaambiwa basi msije. Timu zikabaki tatu. Kabla hata kombe halijainuliwa na mtu, Afrika ilishaamua kwamba mpira wa kibaguzi haina haja nao.

Alafu hapa hapa kwetu. Mwaka 1976 timu ya rugby ya New Zealand ilienda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki ya Montreal. Ikakataliwa. Tanzania ikawa mstari wa mbele kususia na nchi nyingi zikafuata. Na unajua nani alilipa gharama? Filbert Bayi. Alikuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 aliyoiweka Christchurch 1974, dunia nzima ilikuwa inasubiri yeye na John Walker wa New Zealand wapambane. Walker akaenda Montreal akachukua dhahabu, Bayi hayupo. Dhahabu ya Olimpiki ambayo Tanzania mpaka leo haijawahi kuipata, pengine ilikuwa ile.

Nakukumbusha hili kwa sababu wanariadha wetu waliambiwa watoe maisha yao ya michezo kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, na wakatoa. Klabu ikiambiwa itoe tangazo la kwenye mkono, ikatafuta lingine, hiyo ni gharama ndogo mno ukilinganisha na ya Bayi. Na kuhusu timu kufa, Uefa hawakufa bila Gazprom, walipata wadhamini wengine na Champions League ipo na pesa imeongezeka.

Kaka, mi Mcongo naishi Nairobi. Nchi yetu nayo imelipa Barcelona, AC Milan na Monaco. Euro milioni 40 na zaidi kwa Barca tu wanasema, miaka minne. Wewe unaonaje, hiyo ni sawa?
*Msomaji, Kayole*

Hapana. Siwezi kusema Rwanda wameweka pesa kwa Ulaya vibaya alafu nikapiga makofi Kinshasa ikifanya hivyo hivyo wakati walimu wanadai mishahara na wakimbizi wako kwenye mahema. Kesi sio moja, Congo ndio iliyovamiwa na hakuna azimio linaloishtaki kwa kuvamia jirani, kwahiyo kwa kanuni ile niliyomwambia mama wa Goma Barcelona hawalazimiki kuivunja. Ila wananchi wa Congo wana kila haki ya kumuuliza waziri wa michezo hiyo pesa imetoka fungu gani na italeta nini Lubumbashi au Kisangani. Muulizeni. Kwa sauti.

Sasa kaka. Mimi ni kocha wa timu ya vijana, under-15, tunacheza ligi ya mtaa. Kampuni ya kubeti imetuahidi jezi, mipira, na pesa ya matatu kwa msimu mzima. Wazazi wengine wanafurahi, wengine wamekasirika. Hatuna mdhamini mwingine. Wewe ungefanyaje?
*Kocha, Kisumu*

Kocha, hii barua nimekaa nayo sana, kwa sababu kusema "kataa" nikiwa hapa mezani ni rahisi na wewe ndio utakayewaambia watoto hakuna mipira.

Ila ningekataa. Wewe wa Kisumu unaijua hii hadithi kuliko mimi. SportPesa, kampuni ya kubeti, walikuwa kila mahali, Gor Mahia, AFC Leopards, ligi yenyewe ya Kenya ilibeba jina lao, Everton wakaletwa Dar 2017 kucheza na Gor na Rooney akafunga bao lake la kwanza baada ya kurudi Everton. Alafu 2019 wakagombana na serikali ya Kenya kwa kodi na leseni, wakafuta udhamini wote kwa mpigo. Gor na Leopards wakayumba vibaya. Klabu ambazo zilikuwa zimezoea chanzo kimoja hazikuwa na pa kukimbilia. Hilo ni somo la pesa tu, hata maadili hatujayagusa.

Tukiyagusa: mtoto wa miaka 14 akivaa jina hilo kifuani misimu mitatu, siku akifika 18 hamna haja ya kumtangazia, ameshaijua kama anavyoijua timu yake. Umeona mwenyewe hapo mtaani vijana wanavyoshika simu Jumamosi kuangalia kama mkeka umetiki, ada ya chuo imeingia humo. Uingereza, ambako biashara ya kubeti ni kubwa ajabu, jezi za watoto hawaweki nembo za kubeti hata kama timu ya wakubwa inayo, na klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 hazitakuwa na kampuni za kubeti kifuani. (Mkono wa jezi bado wameuacha wazi, na nadhani wamekosea.) Kama wao wenye pesa zote zile wameona watoto wao wasivae, sioni kwanini wa kwetu wavae. Na ndio, hilo ni kwa Simba na Yanga wangu pia, wamebeba kampuni za kubeti kifuani kwa miaka na sisi mashabiki tumenunua jezi bila kuuliza. Tulitakiwa kuuliza.

Sasa la kufanya. Rudi kwa hiyo kampuni uwaambie asante, na uwaulize kama wako tayari kutoa mipira bila nembo na bila picha za watoto kwenye matangazo yao. Watakataa nadhani, lakini jibu lao uwasomee wazazi kikaoni, wale waliofurahi wasikie wenyewe kilichokuwa kinanunuliwa. Alafu gawanya mahitaji vipande vidogo: mipira kwa mtu mmoja, jezi kwa mwingine, matatu kwa mwingine. Muuza samaki wa sokoni hawezi kudhamini timu ila anaweza mipira miwili. Sacco ya boda boda, duka la vifaa vya ujenzi, kanisa, msikiti, mwenye posho mill, wazee waliowahi kuchezea hiyo timu ambao saivi wana kazi. Kila mmoja mwandikie barua moja ya ukurasa mmoja yenye bei kamili ya kitu unachoomba, sio "tusaidieni". Na uniandikie tena kabla msimu haujaanza, unitajie mmepungukiwa nini, nitaitangaza humu kwenye safu wasomaji wa Kisumu waione.